Saa Ni ya Nini?

Thika, 11 Julai 1998

Calvo,

Joistiki yako ya gemu imefika. Ayub makanga wa matatu aliniletea mwenyewe hadi mlangoni, imefungwa kwa gazeti kama nusu kilo ya nyama. Nimeifungua. Shingo imevunjika mahali pawili na springi moja haipo. Hao wateja wako wanaendesha ndege au wanang'oa mihogo?

Kuirudisha ilivyokuwa ni kupoteza solda. Itavunjika tena kabla ya sikukuu ya Jamhuri. Hiki ni kifaa cha mtu mmoja mtaratibu aliyeketi mezani kwake, si cha vijana wanane wanaosukumana. Nina wazo lingine. Nikutengenezee sanduku la mbao, kama la zile mashine za gemu tulizoziona kwenye maonyesho ya Nairobi tulipokuwa kwenye kozi ya umeme. Mkono wa chuma juu, batani nne kubwa kando, na waya wa joistiki hii utokee nyuma. Plagi yake ni nzima, na hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuipata Thika.

Nimepima ndani kwa mita. Kuna voliumu mbili, sawa na za redio: moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Mkono ukiwa katikati kila moja inasoma kama omu elfu hamsini. Ukiusukuma upande mmoja inashuka hadi sifuri, upande wa pili inapanda hadi laki moja. Kompyuta haijui kitu kingine. Kwa hiyo voliumu natoa. Mahali pa kila moja naweka rezista, ya kubana umeme, ya elfu arobaini na saba na swichi mbili: moja inairuka rezista, nyingine inakata waya. Sifuri, katikati, mwisho. Ndege yako haihitaji zaidi ya hapo.

Swichi nitazitoa kwenye fotokopi moja iliyokufa. Mkono utakuwa fimbo ya gia ya Datsun. Mbao nimepewa na Ndung'u, yule wa majeneza, vipande vilivyobaki. Usimwambie mkeo Jentrix.

Shida ni moja. Sina kompyuta ya kujaribia. Nitatafuta njia.

Mama anakusalimu. Anauliza ni kwa nini mtu na ndevu zake anatengeneza kitu cha watoto.

Mahir


Ruiru, 17 Julai 1998

Omera, ndugu yangu Mahir,

Mbao za jeneza! Na mke wangu ndiye aliyeisoma barua yako kwanza. Nikiwa zamu ya usiku yeye ndiye anayechukua barua zangu kwa Kamene, karani wa kiwanda, na hajawahi kuona bahasha akaiacha imefungwa. Amesema sanduku lako likiingia nyumbani, yeye atalala kwa jirani yetu Waithira. Nimemwambia halitaingia nyumbani, litakaa kwenye chumba cha gemu. Akasema, "Basi wateja wako ndio watazikwa."

Wazo lako nimelipenda. Fanya hivyo hivyo. Batani ziwe kubwa na nyekundu, mtu azipige ngumi zisilie.

Nikueleze hali ilivyo. Mburu mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa Agosti. Chumba kisipojaa watu atakifanya bucha. Huko Githurai 45 mtu ameleta mashine ya gemu ya kweli, na vijana wa huku wameanza kwenda. Mimi nina kompyuta moja kuukuu ya mnada na joistiki ambayo sasa iko kwako vipande vipande. Chumba kikifungwa nabaki na zamu ya usiku na vumbi la pamba, na Jentrix anajifungua Oktoba. Daktari ameshaniambia kifua changu hakitaki pamba. Kwa hiyo usicheke sana.

Mzigo ukiwa tayari mpe Ayub, auache kwa Nafuna, yule mama wa viazi hapa kwenye steji ya matatu. Andika jina langu na lake, inatosha. Mizigo ya Ruiru yote hulala chini ya benchi lake.

Msalimie mama yetu Mwanamisi. Mwambie ndevu zako ndizo za mtoto.

Calvince Odhiambo


Ruiru, 1 Agosti 1998

Mahir,

Umelala? Jana jioni walikuwa watu watatu chumbani, na mmoja wao alikuwa amekuja kuulizia choo. Tuma hata kama rangi haijakauka.

C.


Thika, 6 Agosti 1998

Calvo,

Mzigo umeondoka na Ayub leo saa nane mchana. Soma barua hii hadi mwisho kabla hujagusa chochote.

Barua ilifaa iwe ndani ya mzigo. Lakini unajua mama na mizigo yake: mtaa mzima huja kwake kushonewa. Nilitoka kwenda kuosha mikono, kurudi nikakuta ameshalitia sanduku ndani ya gunia na kulishona kwa kamba ya katani, mishono ya karibu karibu, kama anafunga mkoba wa Hija. Nikamwambia, "Mama, nina karatasi ya kutia." Akasema, "Ungeitia kabla hujaenda kuosha." Ayub naye hakungoja, kwa hiyo naiposta kesho asubuhi.

Sasa, sikiliza. Kwa kuwa sina kompyuta, nilitafuta njia nyingine ya kujua kama swichi zote nane zinashika, nne za mkono na nne za batani. Nimechukua kikengele cha saa ya mezani iliyoharibika, nikakiunganisha na mawe mawili ya tochi, yaani betri, halafu na waya zote. Ukibonyeza batani, kinalia. Ukisukuma mkono kwa upande wowote, kinalia. Kisipolia, swichi hiyo haishiki. Zote zimelia.

Nimekiacha ndani makusudi ili nawe ujaribu baada ya safari, maana Ayub hutupa mizigo kama mawe ya ujenzi. Ukishajaribu, geuza sanduku, fungua skrubu sita za chini, kata waya mwekundu na mweusi wa kikengele, toa kikengele na mawe. USIUNGANISHE na kompyuta kabla ya kuvitoa. Umeme wa mawe ukirudi kwenye kadi ya kompyuta utaiunguza, na kadi hiyo hatuna nyingine.

Mengine ni kama tulivyosema. Gia ya Datsun imekaa vizuri. Nimepiga rangi nyeusi mara mbili na bado inanuka.

Nijulishe ndege ikipaa.

Mahir


Thika, 9 Agosti 1998

Calvince,

Najua Ijumaa hukuwa Nairobi. Ulikuwa umelala baada ya zamu. Najua hivyo, lakini nipe neno nijue kwa hakika.

Sisi tulisikia habari za mlipuko wa ubalozi redioni kama kila mtu. Zubeida, binti wa jirani anayefanya usafi kwenye ofisi za Nairobi, alirudi jioni bila viatu, nywele zimejaa vumbi la kioo. Hasemi. Mama amemuosha kichwa mara nyingi na maji bado yanang'aa.

Jana waliingia watu wawili mtaani kwetu. Hawakuvaa sare. Waliuliza nani hutengeneza redio, nani huuza mawe, nani amepokea wageni mwezi huu. Walikuwa na adabu. Mama aliwapa chai na kuwaambia mimi ni fundi wa pasi. Duka nimelifunga. Mita na solda nimezifukia kwenye pipa la mkaa.

Kile kitu nilichokueleza kwenye barua ya Alhamisi, kilichomo ndani, kitoe leo hii. Usikitoe mbele za watu. Kitupe mtoni, mbali na kwako. Sitakitaja jina. Ukimaliza kusoma, choma barua hii na ile ya Alhamisi. Usinijibu kwa posta. Tuma mtu, mkono kwa mkono.

M.


Ruiru, 13 Agosti 1998

Shemeji Mahir,

Anayekuletea barua hii ni Waithira, jirani yangu, anauza mitumba huko Thika. Usimuulize kitu. Hajui kilichoandikwa.

Calvince amechukuliwa.

Nakuandikia kama nilivyoona na kama Nafuna alivyonieleza, na kisha nitakuuliza jambo. Mzigo wako ulikaa chini ya benchi lake tangu Alhamisi. Calvince alikuwa kwenye zamu mbili mfululizo, hakuweza kuufuata. Ijumaa ikawa ile. Nafuna akafunga, hakufungua hadi Jumanne. Jumanne asubuhi akaletewa viazi, na mpakuzi wa lori akatupa gunia juu ya mzigo wako.

Mzigo ukaanza kulia.

Nafuna anasema haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa saa ya kuamsha, ila haukukatika. Shemeji, ungekuwepo. Steji nzima iliondoka. Mama wa chapati aliacha karai la mafuta motoni. Watu walikanyagana kwenye mtaro. Nafuna hakukimbia, akabaki ameketi juu ya benchi lake na kitu kinalia chini yake. Alikuwa akisali kwa sauti, kwa Kibukusu, na mtu alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama, toka hapo!" Naye akajibu, "Nikitoka si litashtuka!" Mwishowe yule mpakuzi alirudi akatambaa, akalivuta gunia la viazi kwa ncha. Mlio ukanyamaza. Hapo ndipo watu waliogopa zaidi.

Jina lililokuwa kwenye gunia ni la mume wangu.

Walikuja saa kumi na moja jioni, wanaume wanne, kwa Peugeot nyeupe. Calvince alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Wakamuuliza, "Mzigo wa kwa Nafuna ni wako?" Akasema ni wake. "Nani ametengeneza?" Nilifungua mdomo. Akasema, "Ni mimi. Mimi ni fundi." Nikamtazama, hakunitazama.

Jana waliniruhusu kumpelekea chakula. Nilimwona kwa muda mfupi, mtu amesimama katikati yetu, lakini tulisema Kijaluo na yule mtu hakutukataza. Nikamuuliza kwa nini alisema uongo. Akasema, "Jentrix, wiki hii mtu anayeitwa Mahir hawezi kusema sanduku lenye waya ni lake. Anayeitwa Calvince labda anaweza." Walimtaka aeleze kilichomo. Akaeleza yote, kama ulivyomwandikia Julai: rezista, swichi za fotokopi, gia ya Datsun. Wakamwambia, "Na betri?" Akasema hakuna betri. Wakaweka mezani mawe mawili na kitu kilichotoka kwenye saa. Tangu hapo hata akitaja jina la baba yake hawamwamini.

Barua zako mbili nilizipata pamoja kwa Kamene, jana hiyo hiyo, nikitoka kumwona. Ile ya pili ilikuwa juu, nikaisoma kwanza. Ilisema kuna kitu kitupwe mtoni. Ilisema choma. Niliifungua ya kwanza, nikaona saa, nikaona mawe, waya mwekundu, usiunganishe. Sikumaliza. Nikazitia zote mbili jikoni kwenye moto, nikakoroga majivu kwa mwiko.

Calvince alinipa swali moja nikuulize, na alilirudia nisije nikakosea. Saa ni ya nini?

Nami nakuuliza. Umekula kwangu, shemeji. Ulimshika mume wangu mkono siku ya harusi. Saa ni ya nini?

Jentrix


Thika, 14 Agosti 1998

Shemeji Jentrix,

Saa ni ya kujaribia batani. Hakuna zaidi.

Sina kompyuta. Nilitaka kujua kama swichi zinashika. Kikengele kinalia swichi ikishika. Kilitakiwa kitolewe kabla ya sanduku kuunganishwa na kompyuta ya Calvince, na "usiunganishe" uliyoiona ilikuwa kwa sababu ya kuunguza kadi ya kompyuta, si kwa sababu nyingine. Gunia la viazi lilikandamiza batani. Ndiyo maana kililia, na ndiyo maana kilinyamaza lilipovutwa.

Barua uliyoichoma ilieleza hayo yote, hadi idadi ya skrubu. Ingewekwa mezani kwao, Calvince angekuwa nyumbani. Aliyekuambia uichome ni mimi. Hukukosea. Niliandika kama mtu mwenye hatia, nawe ukanisoma kama nilivyoandika.

Calvince hawezi kueleza kitu ambacho hakukijua. Kila akisema ni yeye aliyetengeneza, anajifunga zaidi. Ukiruhusiwa kumwona tena, mwambie aache kusema hivyo. Mwambie ataje jina langu.

Kesho nakuja. Mzee wa msikiti wetu amenishauri ningoje hadi mambo yatulie, au niende Mombasa kwa mjomba. Ni mtu wa busara, na usiku kucha nimejaribu kukubaliana naye. Nimefunga mkoba wa Mombasa, nikaufungua, nikaufunga tena. Nakuambia hivi ili usidhani nakuja kwa ushujaa. Nakuja kwa sababu sioni mtu mwingine anayeweza kulifungua sanduku lile mbele yao na kutaja kila waya unakwenda wapi.

Nimebeba ganda la saa, lile lililotolewa kikengele. Tundu zake za skrubu zitalingana na kile walichonacho. Nimebeba pia voliumu mbili za joistiki, shingo iliyovunjika, mita na bisibisi. Bisibisi huenda wakaninyang'anya mlangoni.

Usinisubiri stejini. Usionekane na mimi.

Mahir Salehe


Thika, 19 Agosti 1998

Mwanangu Jentrix,

Naandika mimi Mwanamisi, mama yake Mahir. Mwandiko wangu si mzuri, vumilia.

Mahir aliondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Nilimficha viatu. Nilidhani mtu hawezi kwenda serikalini peku. Akaazima vya Ndung'u, vile vya kahawia vya kuzikia watu, vikubwa kwake. Nilimsikia akiviburuta hadi mwisho wa ujia. Sikutoka kumuaga kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Hajarudi. Kila kona ninayouliza wananiambia nisiulize.

Gunia nililishona mimi. Yeye alitaka kutia karatasi, mimi nikamkatalia kwa ajili ya mishono. Wakitaka aliyefunga mzigo, waambie ni mwanamke mzee wa Thika, yuko nyumbani kwake, mlango uko wazi.

Mume wako amerudi? Kama amerudi, alimwona mwanangu?

Mwanamisi


Ruiru, 21 Agosti 1998

Mama Mwanamisi,

Shikamoo. Calvince amerudi jana. Nimeona nikuandikie mimi.

Calvince hakumwona Mahir. Alimsikia.

Alikuwa chumbani peke yake, mlango umefungwa, asubuhi. Akasikia kile kikengele kikilia chumba cha pili. Anasema alidhani wanamletea sanduku wamuulize tena. Kikalia mara moja kikanyamaza. Kikalia tena. Alianza kuhesabu bila kutaka. Milio minne, halafu kimya kidogo, halafu mingine minne. Baada ya ule wa nne alijua ni nani. Ni pande nne za mkono, mama, na batani nne. Hakuna mtu mwingine angezifuata kwa mpangilio huo.

Mlio wa nane ukawa wa mwisho. Kisha akasikia sauti ya mtu ikitaja vitu kimoja kimoja, polepole, kama mwalimu, na mtu mwingine akiuliza. Hakusikia maneno. Iliendelea hadi chakula cha mchana.

Siku iliyofuata walimfungulia. Wakamwambia aende nyumbani na asiondoke Ruiru. Akauliza, "Na yule aliyekuja?" Mmoja akamjibu, "Yule anajua mengi mno."

Pale ukumbini, nje ya mlango mmoja, aliona viatu vya kahawia, vikubwa, vimetolewa kamba. Hakuvitambua. Sasa nimesoma barua yako, nami najua ni vile vya Ndung'u.

Mama, viatu vilikuwa vimepangwa vizuri, kimoja kando ya kingine. Nakuambia hilo kwa sababu ndilo tu ninalolijua.

Mwanao,
Jentrix


Ruiru, 6 Septemba 1998

Mahir,

Ayub ameniambia umerudi nyumbani Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilifika kwenu Jumatano. Mama alinifungulia, akanikalisha, akanipa chai, akasema umelala. Ilikuwa saa sita mchana, na niliona kivuli chako chini ya mlango wa chumba. Nilikunywa chai yote nikaondoka. Sikulaumu.

Nitakueleza mambo ya huku. Sanduku walinirudishia. Wamelipasua upande mmoja na mkono umetolewa. Mburu hajafanya chumba bucha, anasema hakuna mteja wa nyama atakayeingia mahali palipotajwa na polisi. Kwa hiyo nimebaki nacho kwa sababu ya sifa yake mbaya. Nafuna hanisalimu, na mizigo ya watu hapokei tena. Vijana wanakuja kuchungulia. Jana mmoja aliniuliza, "Boss, ile inayolia iko wapi?" Nikamfukuza. Nikatoka nje kumwita arudi, alikuwa ameshafika mbali.

Usiku nikisikia saa ya jirani ikiamsha watu wa zamu nasimama kabla sijaamka. Jentrix hunishika shati.

Lile swali nililokutumia kupitia kwake unalikumbuka. Nilimwambia nataka jibu niwape wao. Ilikuwa kweli. Lakini waliponiwekea ile saa mezani, nilikutazama katika kichwa changu, tangu kozi, miaka yote ile, na nikaona mtu nisiyemjua. Ilidumu wiki nzima. Halafu nikasikia milio minne.

Sitaki uniambie ni sawa. Nataka tu ujue kwamba najua unajua.

Joistiki tusahau. Nitauza kompyuta.

Calvince


Thika, 20 Septemba 1998

Calvo,

Siku uliyokuja nilikuwa macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Kila mtu akibisha hodi mimi husimama pale, nasubiri kusikia ni nani, na hata nikisikia bado sifungui. Ilikuwa hivyo kwa Ndung'u, naye alikuwa amefuata viatu vyake tu.

Usiuze kompyuta.

Swali lako lilikuwa la haki. Mimi ningeuliza hilo hilo, tena mapema zaidi. Nao waliniuliza mara nyingi kuliko wewe, na kila mara nilijibu sawasawa, na kadiri nilivyojibu sawasawa ndivyo walivyozidi kunitazama. Nilijifunza kwamba mtu anayekuogopa, maelezo hayamsaidii. Anataka kuona.

Nimetengeneza sanduku jingine. Rezista ni zile zile za elfu arobaini na saba. Swichi ni za fotokopi ile ile, zilibaki nane nzima. Mkono ni mpini wa pasi ya makaa, kwa kuwa mama aliwaambia mimi ni fundi wa pasi na sitaki awe mwongo. Waya na plagi ya joistiki nilirudishiwa nikiondoka, vimefungwa kwa mpira. Mbao ni za Ndung'u. Jentrix avumilie.

Ila chini sikuweka mbao. Nimeweka kioo. Ni cha kabati la dukani, lile la kupangia redio. Duka sijalifungua na kabati halina kazi. Ukiligeuza sanduku utaona kila waya unapoanzia na unapoishia. Nimezipanga zisipishane.

Halina kikengele. Kwa hiyo sijalijaribu, na sijui kama linafanya kazi. Tutajua tukiliunganisha kwako.

Ayub hachukui tena mzigo ulioshonwa, na mama hashoni. Nitalileta mwenyewe Jumapili, mchana kweupe, bila gunia na bila gazeti, nimelikumbatia kifuani na kioo kikitazama nje. Nimejaribu kulibeba hivyo hadi mwisho wa ujia na kurudi. Watu walitazama. Sikuliangusha.

Nitapita kwa Nafuna kwanza, nimwonyeshe. Halafu nije kwako. Usichukue plagi kabla ya kuligeuza. Geuza, tazama ndani, tazama kwa muda wowote unaotaka. Nitasimama mlangoni hadi umalize.

Mahir